Mwaka wa 1770 Ubaoni

Hospitali ya kifua kikuu, juu ya ghuba
3 Machi 1937

Mpendwa Thyra,

Nakuandikia wewe na si darasa zima, kwa sababu barua ya darasa ingepita kwanza mikononi mwa Mwalimu Mkuu, naye ana tabia ya kusoma kwa sauti huku akiruka mistari anayoona haina faida kwa watoto.

Mliyaona yaliyonipata. Nilidhani nimeificha leso yenye damu, kumbe nyuso zenu zilikuwa zimekwisha kuniambia kwamba haikufichika. Daktari alinitia garini mchana uleule, hata buti zangu za theluji zimebaki chini ya meza. Hapa tunalala barazani tangu asubuhi, tumefungwa mablanketi kama mizigo ya posta, tunavuta baridi na kunywa maziwa mpaka basi. Sina la kulalamikia. Wanasema kufikia Agosti nitakuwa nimerudi.

Sasa tuzungumze mambo ya maana. Tuliachia pale mshumaa ulipozimika ndani ya gilasi. Ole aliuliza kwa nini, nawe ukasimama ukasema kwamba kila kinachoungua kina flojistoni ndani yake, kwamba moto ni hiyo flojistoni inayotoka, na kwamba hewa iliyofunikwa ikishashiba flojistoni haiwezi kupokea zaidi, ndipo moto unakufa. Ulieleza vizuri kuliko nilivyowahi kueleza mimi chuoni. Nilitamani kukukumbatia, lakini mwalimu hafanyi hivyo.

Usiniulize nini kinafuata. Endeleeni kufikiri kama watu wa mwaka ninaouandika ubaoni kila tunapoanza. Hatua inayofuata ni ya mizani, na mwalimu atakayeshika nafasi yangu nimemwachia maelezo yote.

Jambo moja zaidi, na hili ni lako peke yako. Mwalimu Mkuu amenithibitishia kwa mdomo wake: nafasi ya bure katika shule ya juu ya Viborg, pamoja na kitanda na chakula, ni yako ukipata ug, alama ya juu kabisa, katika mtihani wa sayansi wa Juni. Lazima iwe ug. Alama iliyo chini yake kidogo haitoshi, nafasi itakwenda kwa mtoto wa daktari wa mifugo. Najua hali ya kwenu. Kwa hiyo soma.

Mwalimu wako,
Dagny Thorup

*

Hvidmose
14 Machi 1937

Mwalimu mpendwa,

Tulifurahi sana kupata barua, yaani mimi nilifurahi, kwa kuwa sikumwonyesha mtu. Mama anakusalimu na anasokota sufi ya soksi zako. Nyumbani hatujambo.

Mwalimu mpya anaitwa Winther. Ni kijana, amenyoa mpaka shingo imekuwa nyekundu, na anatembea na saa mkononi kama mtu anayesubiri treni. Siku ya kwanza alikuta 1770 yako bado iko ubaoni, hakuna aliyekuwa amethubutu kuifuta. Akaifuta kwa kiganja. Akauliza tumefika wapi katika mada ya kuungua, na mimi nikamweleza flojistoni mwanzo hadi mwisho.

Alisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akauliza ni nani aliyetufundisha hadithi hiyo ya kulazia watoto. Nikamjibu ni Mwalimu Thorup.

"Basi Mwalimu Thorup anaumwa kuliko nilivyoambiwa."

Darasa likacheka. Kisha wakakumbuka leso, wakainamia madaftari, na yeye mwenyewe akawa mwekundu shingo na masikio. Sidhani alikusudia iwe mbaya vile. Lakini maneno yalikwisha kutoka.

Ametupa imla kuhusu oksijeni kwa vipindi viwili. Hakuwasha kitu chochote. Wote wameandika, na Ole aliyekuwa akiapa kwa flojistoni kuliko sisi sote ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema kwamba siku zote alikuwa na mashaka. Mimi niliandika pia, ila nilimuuliza Mwalimu Winther kwa nini basi mshumaa ulizimika gilasi ikiwa bado imejaa hewa. Akasema jibu liko katika imla. Nikasema katika imla kuna neno tu, si jibu. Akanitoa nje.

Sasa wananiita Bi Flojistoni. Wakati wa mapumziko Ole huwasha kiberiti nyuma yangu na kusema, "Bi Flojistoni, umedondosha kitu, okota." Haidhuru. Nilidhani unapaswa kujua kwamba yupo mtu mmoja hajakuacha.

Mwanafunzi wako,
Thyra Kirkegaard Madsen

*

Hospitalini
22 Machi 1937

Thyra,

Nimesoma barua yako barazani nikacheka mpaka muuguzi akaja kunifunga mdomo kwa mkono wake, maana kucheka hapa ni kosa kama kukimbia.

"Kuna neno tu, si jibu." Ulisema hivyo kweli? Basi mimi sikupoteza miaka yangu miwili huko Hvidmose. Unajua nilichokuwa nikikitaka siku zote ni mtoto mmoja tu atakayekataa kupewa neno badala ya jibu.

Usimchukie Winther. Amefundishwa kama tulivyofundishwa wote, kwamba sayansi ni ukuta uliokwisha kujengwa na kazi ya mtoto ni kuhesabu matofali. Mimi nataka mwone mikono ya wajenzi. Watu walioiamini flojistoni hawakuwa wajinga. Walikuwa na akili kunizidi mimi na Winther tukiunganishwa, na waliitetea karibu karne nzima. Mwingereza aliyeivumbua hewa mpya kabisa ndani ya chupa yake aliiita kwa jina la flojistoni akafa akiitetea. Ukielewa ni kwa nini, utakuwa umeelewa jambo ambalo halimo katika imla yoyote.

Kwa hiyo shikilia ulipo. Usikubali kuondolewa kwa kicheko. Ukiondoka, uondolewe na kitu ulichokiona mwenyewe.

Naandika nikiwa nimelala chali, ndiyo maana mistari inateremka. Ni uvivu tu.

Dagny Thorup

*

Hvidmose
18 Aprili 1937

Mwalimu,

Samahani nimechelewa, mambo ya nyumbani yamekuwa mengi.

Nakuomba kitu kimoja. Niambie kama flojistoni ni kweli au si kweli. Neno moja linatosha, hata uliandike nyuma ya kadi ya posta. Nimefikiri mpaka kichwa kinauma. Nikiwa nakamua nafikiri, nikiwa kanisani nafikiri. Nimeisoma imla ya Winther mara nyingi na ninaweza kuikariri kama sala, lakini nikiisema nahisi nakusaliti. Na Juni haiko mbali.

Kabati la vifaa amelifunga. Anasema tulilichezea.

Kuanzia Mei tafadhali barua zangu uzielekeze kwa kiwanda cha maziwa cha ushirika, Nørremark. Ni rahisi kwangu kuzipata huko.

Thyra

*

Hospitalini
25 Aprili 1937

Thyra mdogo wangu,

Umeniomba neno moja, nami nimekaa nalo siku nzima mdomoni. Sitakupa.

Usidhani ni ukatili. Nikikuambia ni kweli, utaniamini. Nikikuambia si kweli, utaniamini vilevile. Kokote utakapoangukia, utakuwa umeniamini mimi tu, na mimi si sayansi, mimi ni mwanamke aliyefungwa mablanketi. Winther anasema "amini kitabu." Je, mimi niseme "niamini mimi"? Tutakuwa tumetofautiana nini, mimi na yeye?

Ipo njia, na ndiyo aliyoitumia yule Mfaransa aliyekuja kuwamaliza wote ubishi. Hakuwa na lugha tamu kuwashinda. Alikuwa na mizani. Chukua kipande cha metali, kipime. Kichome mpaka kigeuke jivu. Pima tena. Kama kuna kitu kimetoka, uzito utasema. Metali yoyote itafaa. Mwombe Winther akufungulie kabati kwa nusu saa, mwambie ni mimi ninayeomba, mwambie nitamshukuru Agosti ana kwa ana.

Kisha usiniandikie unachofikiri. Niandikie ulichokiona.

Kwangu ni kheri. Nimeongezeka uzito, daktari anajisifu kama mkulima mwenye ndama.

Dagny

*

Nørremark
13 Mei 1937

Mwalimu mpendwa, mpendwa sana,

Nimepima. Ulikuwa sahihi.

Niko hapa kwa mkulima Nørgaard siku hizi, nasaidia saidia, ndiyo maana sikuweza kutumia kabati la shule. Lakini usijali, imekuwa bora zaidi. Mkaguzi wa maziwa huja hapa kupima mafuta katika maziwa ya kila ng'ombe, na hulala usiku mmoja katika chumba cha wageni. Ana mizani ndogo ndani ya sanduku la kioo, inayotikisika hata ukiipumulia. Nilimwomba niitumie kupimia kitu cha shule. Alisema, "Ukiivunja, dada, nitakuoa ili tulipe pamoja." Nikamwambia sitaivunja kwa sababu hiyohiyo.

Nilipata kipande cha zinki kutoka kwenye mfereji wa zamani wa paa. Nikakipima pamoja na kibakuli chake. Kisha nikakipeleka kwa mhunzi hapa njiapanda, akakiweka kwenye makaa akapuliza kwa mivukuto. Mwalimu, laiti ungeona. Kiliyeyuka, kisha ghafla kikashika moto wa kijani na buluu, na moshi mweupe ukatoka mwingi mno, laini kama sufi, ukapanda wote kwenye bomba. Nilisimama nikasema moyoni, ile pale inaondoka. Nilikuwa naiona flojistoni kwa macho yangu ikitoka. Nilitaka kulia.

Kibakuli kilipopoa nikarudi nacho. Mkaguzi mwenyewe ndiye aliyesoma mizani, ili asiseme mtu kwamba mimi nilitaka iwe hivyo. Uzito ulikuwa umepungua, tena sana. Kilichobaki ni jivu jeupe kidogo chini ya bakuli.

Kwa hiyo kuna kitu kimetoka. Umeniambia usiamini mtu, amini ulichokiona, na nimeona. Juni nikiitwa mezani sitatoa imla ya Winther. Nitasema nilichopima. Hakuna atakayeweza kunicheka, maana nitawauliza: ninyi mmepima?

Asante kwa kuninyima neno lile. Sasa ninaelewa kwa nini.

Thyra wako

*

Hvidmose
27 Mei 1937

Mwalimu mwenzangu Bi Thorup,

Hatujuani. Nimeandika barua hii mara tatu nikachana, maana sijui kama inafaa kumsumbua mgonjwa. Mwalimu Mkuu alinizuia. Naandika bila kumwambia.

Ni kuhusu Thyra Madsen. Sijui kama unafahamu kwamba hayuko shuleni tangu tarehe mosi Mei, siku ambayo watumishi wa mashamba huanza mikataba mipya. Baba yake alimpeleka kwa Nørgaard kuwa mtumishi wa zizini. Nilikwenda kumsihi. Akaniambia kwa adabu kwamba ameuza ng'ombe mmoja kwa ajili ya vitabu na wa pili hauzi. Amemruhusu binti kuja siku ya mtihani tu. Akipata nafasi ya Viborg, aende. Asipoipata, amekwisha kukubaliana na Nørgaard mpaka Novemba, na baada ya Novemba, mpaka Novemba nyingine. Nimekuta katika ua huo mwanamke wa miaka arubaini aliyeanza kwa maneno hayohayo.

Jumapili Thyra alikuja kwangu kwa baiskeli, amevaa viatu vya mbao, ananuka zizi, uso unawaka. Ameniambia amechoma zinki na imepungua uzito. Nilimweleza kuhusu moshi. Nilimwambia kwamba nilipokuwa mwanafunzi Copenhagen nilichoma bati mwenyewe na likazidi uzito. Akanitazama na kusema, "Hiyo umeiona wewe, mimi sikuiona." Nikamwambia, Thyra, ukisema hivi mbele ya mtahini wa nje, utaanguka. Akasema, "Mwalimu Thorup hawezi kunifundisha kitu kisicho kweli."

Maelezo uliyoniachia niliyasoma nikayaona ni mchezo wa kuigiza. Labda nilikosea, na siku ya kwanza nilisema neno ninaloliona aibu hadi leo. Lakini sasa hilo si la kujadili. Mimi haniamini. Kitabu hakiamini. Anakuamini wewe peke yako. Mtihani ni tarehe kumi na nne. Mwandikie mstari mmoja. Kimya chako kitamfunga kwenye zizi lile.

Kwa heshima,
Aksel Winther

*

Hospitalini
3 Juni 1937

Thyra,

Flojistoni haipo. Haijawahi kuwapo. Yote aliyoandika Winther katika imla ni kweli.

Barua yako ya Mei nimeisoma jana, pamoja na ya Winther. Zilikuwa katika droo ya muuguzi mkuu. Tangu mwanzoni mwa Mei nilikatazwa kusoma, kuandika na kusema. Nilikuwa nimelala hapa nikikuwazia ukiwa mbele ya kabati letu, chupa ya metali ya risasi mkononi, ukiona uzito unazidi, ukiruka kwa mshangao. Nilikuwa nikijifurahisha kwa picha hiyo kila siku.

Sikiliza. Moshi ule mweupe haukuwa flojistoni. Ulikuwa zinki yako yenyewe, imeshikana na oksijeni ya hewani, inakimbia kupitia bomba la mhunzi. Ungeweza kuukusanya wote ukaupima, ungekuta uzito umezidi ule wa mwanzo. Niliandika "metali yoyote" kwa sababu katika kabati letu mna risasi, bati na unga wa chuma tu, na hizo hubaki bakulini. Sikujua kwamba ungepima mbali na kabati hilo. Laiti ungeniambia mapema kwamba utakuwa kwa Nørgaard. Lakini ni mimi niliyeandika neno hilo, si wewe.

Kitabu cha Winther, sura ya kuungua, isome kuanzia mwanzo. Ukivuta karatasi ya swali hilo mezani, usitaje flojistoni kabisa. Sema oksijeni, sema hewa, andika mlinganyo, keti. Usilete mkaguzi, usilete mhunzi. Nakuomba. Nimekwisha kukataa kukuambia "niamini," sasa nasema: niamini, niamini, nina siku kumi na moja tu za kukufanya uniamini.

Nijibu hata kwa neno moja.

Dagny

*

Nørremark
6 Juni 1937

Mwalimu Thorup,

Kumbe ulijua.

Ulijua tangu siku ulipotuwashia mshumaa. Ulijua niliposimama mbele ya darasa, na nilipotolewa nje, na Ole alipokuwa akiwasha viberiti nyuma yangu. Nilikuomba neno moja mwezi Aprili na tayari ulikuwa nalo. Ukanijibu kwa maneno mazuri.

1770 ubaoni nilidhani ndio mwaka ambao jambo lile liligunduliwa. Hakuna aliyeniambia kwamba tulikuwa tunaigiza.

Sikukuambia kuhusu Nørgaard kwa sababu nilifikiri utasikitika na utazidi kuumwa. Na wewe ulinificha kwa sababu gani?

Barua yako niliisoma zizini. Ng'ombe hawakucheka, hilo ni jema lao.

Thyra Madsen

*

Hospitalini
9 Juni 1937

Thyra,

Naandika mara ya mwisho kabla ya mtihani, kwa mstari mfupi mfupi, maana pumzi haifiki mbali.

Una haki. Nilidhani nawafungulia mlango, sikuona kwamba mmoja wenu nimemfungia ndani. Nilikuwa na mwisho mzuri wa somo lile kichwani. Nilikuwa nikiungoja uso wako siku utakapogundua. Niliupenda uso huo kabla haujatokea, nikakunyima neno kwa ajili yake.

Sababu uliyoniuliza ni hiyo. Nilitaka jambo moja nililolifanya duniani liwe zima.

Nilikuficha jingine. Sirudi Agosti. Pafu la kushoto limekataa, na Jumatatu ya tarehe kumi na nne asubuhi watanitoa mbavu ili lilale, lipumzike. Wengine huamka vizuri. Saa ileile utakuwa umeketi mbele ya meza ya mtihani yenye kitambaa cha kijani. Sikuambii ili unihurumie. Nakuambia ili usije ukasema ulidanganywa tena.

Kwa hiyo nichukie, nichukie sana, lakini baada ya Jumatatu. Jumatatu fanya kama kitabu kinavyosema. Sitaki kufa wala kupona nikijua uko katika zizi la Nørgaard kwa sababu yangu.

Dagny

*

Nørremark
17 Juni 1937

Mwalimu,

Sijui kama barua hii itakukuta. Nimemwomba Mwalimu Winther apige simu hospitalini kutoka posta. Wamemjibu tu kwamba uko chini ya uangalizi, na kwamba wanaopiga simu wasio ndugu hawaambiwi zaidi. Naandika kama mtu anayeongea na mlango.

Jumatatu niliondoka baada ya kukamua. Mke wa Nørgaard alinipa viatu vyake vya ngozi, vikubwa, nikaweka magazeti vidoleni. Baba alikuwa amesimama nje ya shule amevaa nguo za kanisani. Alinitengeneza kola.

Mtahini wa nje ni mzee aliyetoka mbali, mpole, masikio yamejaa nywele. Karatasi zilikuwa zimepangwa juu ya kitambaa. Nilivuta moja nikaipindua, na nilipoona imeandikwa nini nilimtazama Mwalimu Winther. Alikuwa ameshafumba macho.

Ilikuwa Kuungua.

Nilisema yote. Hewa, oksijeni, mshumaa chini ya gilasi, metali kugeuka jivu na kuzidi uzito. Niliandika mlinganyo bila kufuta hata mahali pamoja. Nilisikia sauti yangu mwenyewe kama ya mtu anayesoma tangazo la mnada. Mzee akaitikia kwa kichwa kila mstari, akatabasamu, akaanza kushika kalamu. Kisha akauliza, nadhani kwa wema tu, ili kunipa nafasi ya kung'aa zaidi:

"Vizuri sana, binti. Na wewe mwenyewe unajuaje kwamba metali huzidi uzito?"

Mwalimu, nilikuwa na jibu. Lilikuwa limejaa mdomoni. Nilitaka kumwambia kwamba sijui. Kwamba mimi nilipopima ilipungua, kwamba kuna watu wawili wameniambia moshi ndio uliobeba uzito na ninadhani wana haki, lakini moshi huo sijaukamata bado, na nikipewa bomba lililofungwa na mizani na siku moja tu nitarudi kumjibu kama mtu. Nilimwona Mwalimu Winther akifumbua macho na kunikodolea. Nadhani naye alikuwa anangojea niliseme. Nadhani wakati ule alitaka niliseme.

Lakini baba alikuwa nje na kofia mkononi. Na wewe ulikuwa juu ya meza ya upasuaji. Na uliniomba.

Nikamjibu, "Imeandikwa kitabuni."

Mzee akasema, "Sawasawa," akaandika.

Nimepata ug. Nafasi ni yangu, naenda Viborg Agosti. Baba amemwambia Nørgaard, na Nørgaard hakuleta ugomvi, alisema tu atamtafuta mwingine. Ole amenipa mkono. Mwalimu Winther alinisindikiza mpaka kwenye baiskeli, akaniambia kabati liko wazi mpaka likizo ianze, kama ninataka. Nikamshukuru. Sikwenda.

Si kwamba sitaki kujua. Ni kwamba nikisimama mbele ya mizani sasa, mkono unasita, na nakuta ninataka kwanza mtu aniambie inapaswa kuonyesha nini. Sikuwa hivyo Mei. Mei sikuwa namwogopa mtu.

Ulinitaka nijue, Mwalimu. Nimefaulu, na sijui. Ukiamka, kama unaamka, usinijibu kwa maneno mazuri.

Thyra